Kiti Hakifutwi

Mwaka 1966 serikali ya Kenya ilipoamua kuivunja Seneti, ilikutana na kikwazo kimoja: maseneta wenyewe ndio waliotakiwa kuupitisha mswada wa kuwaondoa. Walikuwa 41, mmoja wa kila wilaya na mmoja wa Nairobi. Nani angekubali kurudi kwao mikono mitupu, baada ya miaka mitatu ya kuitwa mheshimiwa? Jawabu lilipatikana kwenye ramani. Mabaraza mawili yaliunganishwa kuwa bunge moja, na maeneobunge 117 ya mwaka 1963 yakakatwa upya hadi yakatimia 158. Toa 117 katika 158 uone kinachobaki. Kila seneta alipata pa kukaa na, kwa kuwa shughuli yenyewe ilikuwa ya kuridhishana, uhai wa bunge ukarefushwa hadi 1970.

Nimefundisha jiografia katika shule za sekondari za Mombasa maisha yangu yote ya kazi, na hesabu hiyo ya kutoa nilipenda kuiandika ubaoni. Wanafunzi hudhani mipaka ya uchaguzi hufuata mito na milima, au hufuata watu wanavyozaliana. Mwaka ule hapakuwa na sensa, wala mto wowote haukuhama. Palikuwa na watu 41 waliohitaji viti. Tangu hapo mambo mengi yamebadilika katika uchaguzi wetu, kuanzia chama kimoja hadi vyama vingi, kutoka mlolongo hadi karatasi ya siri, lakini desturi ile imebaki palepale: kiti kikishatolewa hakifutwi. Ukitaka kurekebisha, unaongeza.

Wakoloni walikuwa wamegawa kwa mkono wa birika. Machi 1957, Waafrika walipochagua wawakilishi wao kwa mara ya kwanza, walipewa viti vinane nchi nzima. Mkoa wa Pwani wote ulikuwa kiti kimoja, akakipata Ronald Ngala. Bonde la Ufa lote kiti kimoja, akakipata Daniel arap Moi. Nairobi ilikwenda kwa Tom Mboya, na Nyanza, kwa wingi wa watu wake, ikagawanywa mara tatu, Oginga Odinga akichukua ya Kati. Eneo la Ngala lilikuwa na Wapokomo wa Mto Tana, Wataita wa milimani na mabaharia wa Lamu. Wote hao alitakiwa awasemee yeye peke yake.

Uchaguzi wa Februari 1961 ndio unaofaa kusomwa polepole. Mazungumzo ya Lancaster House yalikuwa yamezaa viti 53 vya kupigiwa kura: 33 vya wazi na 20 vilivyotengwa kwa Wazungu, Wahindi na Waarabu. Chama cha KANU kilipata takriban asilimia 67 ya kura na viti 19. KADU, chama cha makabila madogo, kilipata kama asilimia 16 na viti 11. Yaani chama chenye robo ya kura za mwenzake kilivuna zaidi ya nusu ya viti vyake. Sehemu za wafugaji na za makabila madogo zilipewa viti kwa ukarimu, ilhali kura za KANU zilirundikana mahali pachache. Huko Nairobi Mashariki Mboya peke yake alipata zaidi ya kura 30,000, na zote zilimnunulia kiti kimoja. KADU ilikuwa na hoja ya haki, kwamba wadogo wasimezwe na wakubwa. Walowezi nao walikuwa na sababu zao za kuipenda hoja hiyo, na sababu hizo hazikuwa mapenzi kwa Wagiriama.

Kutokana na hofu ileile ya kumezwa ikaja siasa ya majimbo, yaani kila eneo kujiendeshea mambo yake, na mwaka 1962 tume ya mipaka ya majimbo chini ya Sir Stafford Foster-Sutton ikazunguka nchi nzima ikiwauliza watu swali ambalo halikuwa limeulizwa rasmi kabla: mnataka kukaa na nani? Wajumbe wakaja kwa makundi, kila kundi na wazee wake na historia yake. Ugomvi mkubwa ulikuwa Kitale. Wabukusu waliutaka mji huo uwe upande wao wa Magharibi, Wakalenjin wakauona ni wao, na Kitale ikabaki Bonde la Ufa. Majimbo yenyewe hayakudumu. Serikali ya Kenyatta iliyavunja mapema, lakini mistari ya tume ile ilibaki ikaitwa mikoa, na mikoa ikatutawala hadi kaunti zilipoanza kazi 2013. Ndani ya mikoa zikakaa wilaya, na ndani ya wilaya yakakaa maeneobunge. Kwa hiyo mahali alipoketi mzee mmoja mbele ya tume mwaka 1962, akaeleza babu yake alichunga wapi, ndipo mjukuu wake alipopigia kura.

Baada ya 158, habari za miaka ishirini hivi ni fupi. Ukarabati wa mipaka wa 1986 ulifikisha viti 188, vikatumika katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988. Ule wa 1996 ulifikisha 210. Hakuna hata kimoja kilichoondolewa katika safari zote mbili. Mwaka 1992 Moi alipata kama asilimia 36 ya kura za urais, na chama chake, KANU, kikapata viti 100 kati ya 188. Wapinzani kugawanyika kulichangia, nani asiyejua, lakini ramani nayo ilichangia, maana ngome za KANU zilikuwa na viti vingi vyenye watu wachache.

Mwaka 2003 likazuka jambo ambalo, kwa maoni yangu, lilibadilisha maana ya mpaka kuliko tume yoyote. Bunge lilipitisha sheria ya hazina ya maendeleo ya maeneobunge, CDF, ya asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali. Robo tatu ya fedha hizo ziligawiwa sawa kwa sawa kwa kila eneobunge, na robo iliyobaki kwa kipimo cha umaskini. Sawa kwa sawa, bila kuuliza mna watu wangapi! Kabla ya hapo mpaka ulikuwa jambo la wanasiasa. Sasa mzazi wa Embakasi, Nairobi, anayetafuta basari ya mwanawe alikuwa akigombea fungu moja na halaiki ya watu, na mwenzake wa sehemu yenye watu wachache akipanga foleni fupi. Wazee wa mitaa, ambao zamani walinijibu kwamba mipaka ni ya wakubwa, wakaanza kuniuliza hesabu.

Na hesabu zilikuwa za kutisha. Katika uchaguzi wa 2007 Embakasi ilikuwa na wapiga kura walioandikishwa wanaokaribia 250,000. Lamu Mashariki ilikuwa na elfu kumi na kitu. Kila upande ulipeleka mbunge mmoja. Tume ya Jaji Kriegler, iliyochunguza uchaguzi ule ulioishia damu, iliutaja ukosefu huu wa usawa waziwazi.

Hapa lazima niwatetee watu wa Lamu, kwa sababu Nairobi wanapenda kuwafanya mfano wa mzaha. Lamu Mashariki ni Faza, Kiunga na Basuba. Ni visiwa, mikoko na msitu wa Boni hadi mpaka wa Somalia. Mbunge anayetaka kuonana na watu wake hupanda boti na kuangalia maji na upepo kwanza. Yule wa Embakasi, hata akikwama kwenye msongamano wa magari, jioni amefika kwake. Anayedai kura zote ziwe na uzito uleule bila kubakiza hata chembe, mpandishe mashua kaskazi ikivuma ndipo arudie maneno yake. Lakini uwiano wa mmoja kwa kumi na tano na zaidi, hilo hata mimi silitetei.

Tume ya muda iliyoongozwa na Andrew Ligale, aliyekuwa mbunge wa Vihiga, ilipewa kazi ya kusawazisha. Ilipotangaza orodha yake ya maeneobunge 80 mapya Novemba 2010, wabunge waligawanyika na mahakama ikasimamisha orodha isichapishwe kwenye Gazeti la Serikali. Muda wa tume ukaisha orodha ikiwa mkononi. Lakini Agosti ya mwaka uleule Katiba mpya ilikuwa imeshapita, na kifungu chake cha 89 kilikuwa kimeshaweka idadi: maeneobunge 290. Kiliweka pia kipimo. Chukua idadi ya watu wote, gawa kwa 290, halafu eneobunge lolote lisizidi wala kupungua wastani huo kwa zaidi ya asilimia 30, au asilimia 40 ikiwa ni jiji au sehemu yenye watu waliotawanyika.

Kwa mara ya kwanza tulikuwa na rula. Kisha ukafungua Jedwali la Sita la Katiba hiyohiyo, ukakuta maneno kwamba ukarabati wa kwanza usisababishe kupotea kwa eneobunge lolote lililopo. Maseneta wa 1966 wangetabasamu. Maeneobunge 27 ambayo hayakufikia kipimo yakalindwa, Lamu Mashariki, Othaya na Mukurweini yakiwemo. Waliopitisha Katiba walijua kwamba kila mbunge aliyetishiwa kufutiwa kiti angezunguka nchi kuipinga. Mimi siwalaumu sana kwa hilo, maana kura ya maoni ilihitaji marafiki.

Tume ya uchaguzi na mipaka, IEBC, chini ya Ahmed Issack Hassan ilikabidhiwa kazi, ikitumia ripoti ya Ligale kama msingi. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 38,610,097, kwa hiyo wastani ukawa 133,138. Mwaka 2012 ramani ikatoka, na kesi zikamiminika Mahakama Kuu, nyingi zikihusu kata fulani kuwekwa katika wadi fulani, au wadi kupewa jina la wengine. Nairobi ilipanda kutoka viti 8 hadi 17. Embakasi ilipasuliwa mara tano: Kusini, Kaskazini, Kati, Mashariki na Magharibi, majina ya dira tupu, kama vile wachoraji walichoka. Lang'ata ikazaa Kibra, na Kasarani ikazaa Ruaraka na Roysambu. Watu wa Nairobi walishangilia viti 17, nami nikachukua kalamu. Jiji lilikuwa na watu 3,138,369. Kwa wastani wa kawaida lilistahili viti 23 na ushei. Ukiongeza asilimia 40 zinazoruhusiwa katika miji, kila kiti kinabeba watu 186,394, na Nairobi inahitaji viti 16 na sehemu kubwa ya cha 17. Yaani walipewa idadi ndogo kabisa ambayo sheria iliruhusu. Viti vilivyolindwa kwingine vililipiwa na mtu fulani, na risiti ilipelekwa mjini.

Kwetu Mombasa tulitoka viti vinne tukapata sita. Changamwe ilimegwa ikatoa Jomvu, yenye Jomvu Kuu, Miritini na Mikindani. Kisauni ilimegwa ikatoa Nyali. Nyali ndiyo iliyonigusa, kwa kuwa nakaa Kongowea. Jirani yangu, mfanyabiashara wa vitunguu pale sokoni, aliniuliza: "Mwalimu, sasa mimi mtu wa Nyali?" Tukacheka wote. Nyali tuliyoijua ilikuwa ya nyumba za ufuoni, kuta ndefu na mabawabu. Lakini angalia wadi zake: Frere Town, Ziwa la Ng'ombe, Mkomani, Kongowea na Kadzandani. Matajiri walipewa jina, kura zikabaki kwa wapangaji wa Kongowea na Ziwa la Ng'ombe, na kila mgombea aliyeutaka ubunge wa Nyali tangu hapo amelazimika kukanyaga tope la soko letu. Kisauni ikabaki na Bamburi, Shanzu, Mtopanga, Mjambere, Junda, Magogoni na Mwakirunge. Binamu yangu wa Bamburi husema wao ndio waliobaki na njia mbovu, na sisi tukabaki na kelele.

Katiba inataka mipaka ikaguliwe tena kabla ya miaka 12 kupita. Ukomo huo ulifika Machi 2024 na kukuta IEBC haina hata kamishna mmoja. Mwenyekiti na wenzake walikuwa wameondoka zaidi ya mwaka mmoja nyuma, na wengine hawakuapishwa hadi Julai 2025.

Namba za sensa ya 2019 zipo kwa yeyote mwenye karatasi. Watu 47,564,296 kwa viti 290, wastani 164,015. Kaunti nzima ya Lamu ina watu 143,920, na ina viti viwili, ilhali haijafikia wastani wa kiti kimoja. Hata kwa punguzo la asilimia 40 kila kiti kinadai watu 98,409, na Lamu haiwezi kutoa hao mara mbili. Mombasa ina watu 1,208,333, sawa na 201,389 kwa kila kiti, inapita chini ya dari la mijini la 229,621. Nairobi haipiti: watu 4,397,073 kwa viti 17 ni 258,651 kila kimoja. Lazima iongezwe. Na safari hii ulinzi wa Jedwali la Sita haupo, kwa kuwa uliandikwa kwa ukarabati wa kwanza tu, wala hakuna kiti cha 291 cha kumtulizia mtu bila kuibadili Katiba. Kiti cha Nairobi kitatoka mahali, na mahali hapo pana mbunge.