Neno 'falsafa' halikuja na Vasco da Gama

Eti falsafa tuliletewa na Wazungu? Hebu tuliulize neno lenyewe. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwaka 1498, Ulaya ilikuwa katika Mwamko, ikifufua elimu ya Wagiriki wa kale. Kule Florence, Marsilio Ficino alikuwa ameshamtafsiri Plato kwa Kilatini, na tafsiri yake kuchapishwa 1484. Lakini neno letu halikushuka kwenye merikebu zile. Wagiriki walisema 'philosophia'. Waarabu, waliomtafsiri Aristotle huko Baghdad katika karne ya 9, wakasema 'falsafa', nasi tukalipokea kwao. Hata 'karatasi' lilipita njia hiyo, kutoka 'khartes' la Kigiriki. Basi mwanafunzi wa Kilifi anapoandika 'falsafa' kwenye karatasi, asijione mgeni mlangoni.