Mwendo wa Kigali na Pwani

Vijana wetu wapandao eropleni Kanombe asubuhi, wakala chakula cha mchana Dar es Salaam, hudhani ya kuwa Pwani i karibu. Yafaa tuwakumbushe njia waliyoijia wazee wetu, kwa kuwa Uislamu wa mji huu, kwa sehemu kubwa, ulikuja kwa miguu.

Ukipima mstari ulionyoka angani, baina ya Kigali na Dar es Salaam pana kilomita 1,150 hivi, nayo ndege huzikata kwa muda wa saa moja na nusu. Njia ya motokaa, ipitayo Rusumo, yakaribia kilomita 1,500, na msafiri wa basi hulala njiani.

Zamani Rwanda haikuwa njia ya misafara. Wafanya biashara wa Pwani walifika Tabora, Ujiji, hata Karagwe kwa jirani, lakini wafalme wa Rwanda hawakuwapa ruhusa ya kuingia. Na Ujiji penyewe palikuwa mbali: Burton na Speke waliiacha Pwani mwezi wa Juni 1857, wasilione ziwa la Tanganyika illa Februari 1858. Kisha Mdachi von Götzen alitoka Pangani Desemba 1893, akauvuka mto Kagera hapo Rusumo tarehe 2 Mei 1894. Sifa akapewa yeye. Walakini mizigo ilichukuliwa na wapagazi, na majina yao hatunayo.

Richard Kandt alipoweka makao yake Kigali mwaka 1907, walimfuata askari, makarani na wachuuzi wenye kusema Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Reli ya kati ilikuwa haijafika Tabora. Ilifika 1912, na Kigoma 1914. Baina ya miaka hiyo miwili, 1913, ukajengwa msikiti wa Al-Fatah, Nyamirambo. Reli yenyewe haikuingia Rwanda, na hata leo haijaingia. Basi habari ya msiba wa Bagamoyo, ikichukuliwa na mpita njia, yaweza kumfika mtu hapa arubaini imekwisha somwa huko. Wengi waliooa hapa hawakurudi tena. Makaburi yao tunayo.

Sasa saa zetu zatuchezea. Ukiondoka Kigali saa nne asubuhi, washuka Dar es Salaam saa sita u nusu, kwani saa za huko zimetangulizwa kwa saa nzima. Ukirudi, waondoka saa nne na kufika saa nne u nusu! Jua lakini halifuati serikali: adhuhuri ya Dar es Salaam huitangulia yetu kwa dakika 36 hivi tu. Mwenye kufunga asafiriye jioni na aangalie magharibi ya mahali alipo, asiitazame saa ya mkononi aliyotoka nayo nyumbani.

Wako waulizao kama abiria wa saa moja na nusu aweza kupunguza sala, naye hakuchoka wala hakuona vumbi. Jawabu ni la kale kuliko ndege. Wanazuoni wa Kishafii walipima safari kwa marhala mbili, wala hawakupima kwa uchovu. Na Imamu Nawawi, katika Minhaj, alikwisha kumtaja msafiri wa baharini akataye masafa hayo kwa saa moja, akahukumu ya kuwa naye hupunguza.