Vitabu vya Wamarekani na Watu Waliovitunga

Wazee wetu walilijua neno marekani kuwa ni jina la nguo kabla ya kulijua kuwa ni jina la nchi. Zilikuwa nguo nzito za pamba, zisizotiwa rangi, zilizofumwa katika viwanda vya Massachusetts. Zililetwa Unguja na merikebu za matanga kutoka bandari ya Salem, hasa baada ya Sayyid Said kufanya mkataba na serikali ya Marekani mwaka 1833. Merikebu hizo ziliporudi kwao zilichukua meno ya ndovu na sandarusi. Leo nitawaeleza habari za bidhaa nyingine ya nchi ile, nayo ni vitabu.

Mwaka 1820 Mwingereza mmoja, Sydney Smith, aliuliza katika gazeti kwa dharau, ni nani duniani asomaye kitabu cha Mmarekani. Swali lile liliwachoma Wamarekani, maana lilikuwa na kweli ndani yake. Walikuwa wamekwisha kujitawala, walakini vitabu walivyovisoma vilitoka Uingereza, na wengi wa waandishi wao walifuata nyayo za Waingereza. Basi jibu lilitoka wapi? Halikutoka kwa wakubwa wa nchi. Lilitoka forodhani, baharini, utumwani, mtoni, na katika chumba cha bibi mmoja mkimya.

Wa kwanza ni Nathaniel Hawthorne, aliyezaliwa Salem mwaka 1804. Tangu mwaka 1846 alikuwa mtumishi wa forodha katika bandari ile ile, na jina lake lilipigwa chapa juu ya magunia ya pilipili. Chama kilichotawala kilipobadilika, naye akaondolewa kazini mwaka 1849. Hakukaa akilia. Alishika kalamu, na mwaka 1850 akatoa The Scarlet Letter, habari za mwanamke aliyelazimishwa na watu wa mji wake kuvaa kifuani herufi ya aibu. Hawthorne huandika polepole, kwa maneno yaliyopimwa, akichungua moyo wa mwenye kosa na moyo wa wale wamhukumuo. Alikuwa na sababu: mmoja wa babu zake alikuwa hakimu katika kesi za uchawi za Salem za mwaka 1692, na jambo hilo lilimwonea haya.

Rafiki yake Herman Melville alisafiri mwaka 1841 katika merikebu ya wavuvi wa nyangumi. Mwaka 1851 alitoa Moby-Dick, akamtunukia Hawthorne kitabu hicho. Ni hadithi ya nahodha aliyekatwa mguu na nyangumi mweupe, akawapeleka mabaharia wake kwenye mauti kwa ajili ya kisasi. Mtindo wake ni kama bahari yenyewe: mara hadithi, mara mahubiri, mara maelezo ya ufundi wa kazi. Wasomaji wa siku zile hawakumfahamu. Melville akafanya kazi ya forodha New York kwa miaka 19, akafa mwaka 1891 karibu amesahauliwa. Sifa zake zilienea baada ya mwaka 1920.

Sasa nawasihi wanafunzi wasikilize vema. Frederick Douglass alizaliwa mtumwa katika Maryland, yapata mwaka 1818. Alipokuwa mtoto katika mji wa Baltimore, bibi wa nyumba alianza kumfundisha herufi. Mume wake akamkataza, akasema kwamba elimu humharibu mtumwa. Kwa neno lile mtoto alitambua njia ya uhuru ilipo. Akawa akitoka na mkate, akiwapa watoto maskini wa Kizungu njiani, nao wakimlipa kwa masomo. Mwaka 1838 alitoroka. Alipohutubia watu juu ya ubaya wa utumwa, wengine walisema kwamba msemaji hodari namna ile hakupata kuwa mtumwa. Ndipo mwaka 1845 akaandika maisha yake kwa mkono wake mwenyewe, akitaja majina ya mabwana na mahali, kama shahidi mbele ya baraza. Kwa kuwa alijitambulisha hivyo, angaliweza kukamatwa tena; ikambidi kuvuka bahari kwenda Ireland na Uingereza, hata rafiki zake wa huko wakamnunulia uhuru wake mwaka 1846.

Samuel Clemens, aliyezaliwa Missouri mwaka 1835, alikuwa rubani wa meli za moshi katika mto Mississippi. Mtia bildi alipopiga kelele kwamba maji ni pima mbili, rubani alijua kuwa chombo ki salama. Na kelele hiyo, Mark Twain, ndiyo aliyoifanya jina lake la uandishi. Katika Huckleberry Finn alimwacha mtoto asiye na masomo asimulie kwa lugha ya kwao. Mtoto huyo amefundishwa kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni dhambi, lakini anamsaidia, kwa sababu amemjua kuwa ni mtu. Mwaka 1885 maktaba ya mji wa Concord ilikikataa kitabu hicho, ikakiona cha kihuni.

Wa mwisho ni Emily Dickinson wa Amherst, aliyeishi tangu mwaka 1830 hata 1886. Miaka yake ya mwisho hakutoka nyumbani kwa baba yake ila kwa nadra. Alitunga mashairi karibu 1,800, mafupi mno, kila neno limebeba mzigo wake. Lakini yaliyochapwa katika uhai wake ni kama kumi tu. Mdogo wake aliyakuta sandukuni, na kitabu cha kwanza kikatolewa mwaka 1890.

Hivyo ndivyo swali la mwaka 1820 lilivyojibiwa. Nguo waweza kuinunua robota kwa robota kutoka ng'ambo, ukavaa siku ile ile. Vitabu vya watu havipatikani hivyo. Hutungwa na wenyeji, kwa maneno yao, juu ya kazi zao na mateso yao; na pengine mtungaji hufa asione sifa. Basi mwenye kalamu na daftari nyumbani asingoje kuwa mtu mkubwa. Aanze na lile alijualo. Kwaherini.