Marejeo ni Ngamani: Historia Fupi ya Amplifaya ya Besi na Sanduku Lake

Mwaka jana, katika usiku wa Kiswahili wa chama chetu, besi ilinyamaza katikati ya wimbo wa tatu. Solo liliendelea, ridhimu iliendelea, dramu zikaendelea, lakini watu waliokuwa wakicheza walisimama mmoja mmoja. Nyuma ya jukwaa kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua. Amplifaya ile haikuwa yetu. Tulikuwa tumeiazima kwa mzee mmoja wa Kimombasa anayeishi mji huu, ambaye ujanani alipiga besi. Tulipomrudishia na kumwomba radhi, hakugomba. Alisema tu, "Mngeniuliza, wanangu." Maneno hayo yalituuma kuliko bili ya fundi, ambayo tumemaliza kuilipa mwezi uliopita kwa michango ya wanachama.

Sasa mfuko wa chama una akiba kidogo, na sisi wa kamati ya muziki tumetakiwa tupendekeze amplifaya na sanduku la spika vitakavyokuwa mali yetu wenyewe. Kumbi zetu ni ndogo: chumba cha wanafunzi, ukumbi wa kanisa wa kukodi, watu sitini, wakizidi sana mia. Hata hivyo wapo wenzetu wanaotaka mtambo mkubwa, kabati lenye kimo cha mtu, kama lile linaloonekana kwenye picha za bendi maarufu. Na sisi tulianza na mawazo hayo hayo. Lakini kabla ya kutumia fedha za watu tuliona heri tuisome historia ya vitu hivi viwili. Tulichokuta ni kwamba swali letu lilikwisha kuulizwa zamani, likajibiwa vizuri, kisha jibu likasahauliwa.

Besi isiyosikika

Wanaoijua taarab ya Unguja wamekwisha kuliona kontrabasi likisimama nyuma ya fidla na kanuni. Ni chombo kikubwa chenye sauti ya heshima, lakini si sauti ya kushindana. Kule Marekani, katika miaka ya 1940, wapigaji wa kontrabasi walikuwa na shida hiyo hiyo, tena mbele ya tarumbeta na saksafoni. Mmoja wao, Everett Hull wa New York, alitafuta dawa. Mwaka 1946 yeye na mwenzake, Stanley Michaels, walianza kutengeneza kinasa sauti kilichofungwa kwenye mguu wa kontrabasi, ule mguu unaosimama sakafuni, pamoja na amplifaya ya kukipokea. Jina la kampuni ya Ampeg limetokana na mguu huo uliotiwa umeme.

Upande wa pili wa nchi, mjini Fullerton, California, Leo Fender alikuwa fundi redio mwenye duka lake tangu 1938. Mwaka 1951 alitoa gitaa la besi aliloliita Precision Bass: dogo, la kuvaliwa begani, lenye vizuizi vya chuma shingoni ili mpigaji asikosee noti. Halikuwa gitaa la besi la kwanza duniani, kwani Paul Tutmarc wa Seattle alikwisha kutengeneza lake katika miaka ya 1930, lakini ndilo lililoenea. Gitaa hilo halina tumbo la kutoa sauti. Bila amplifaya ni kipande cha mbao. Kwa hiyo mwaka 1952 Fender akatoa amplifaya yake, Bassman, yenye wati 26 na spika moja ya inchi 15.

Kwa nini besi haikutumia tu amplifaya ya gitaa la kawaida? Sababu iko hewani. Waya mnene wa besi, ile noti ya E ya chini, hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita 8. Ili kusukuma hewa namna hiyo, karatasi ya spika inapaswa kwenda mbele na kurudi nyuma kwa mwendo mrefu. Tena kila inaposukuma hewa ya mbele, inavuta ya nyuma. Sanduku likiwa wazi mgongoni, hewa ya nyuma huzunguka na kuifuta ya mbele, na noti za chini hufa hapo hapo. Kwa sababu hiyo, kwa besi sanduku ni sehemu ya chombo.

Fender mwenyewe aliliona hilo kwa taabu. Katikati ya miaka ya 1950 Bassman ilibadilishwa ikawa na spika nne za inchi 10 katika sanduku lenye mgongo wazi. Wapigaji wa solo waliipenda mno. Mwaka 1962, katika duka la Jim Marshall huko London, Ken Bran na Dudley Craven waliufuata mpango wake wa umeme kutengeneza amplifaya ya kwanza ya Marshall, JTM45, na kutoka hapo ukazaliwa mlio mzima wa roki ya Uingereza. Amplifaya iliyobuniwa kwa ajili ya besi ikapata umaarufu mikononi mwa wengine, na mpiga besi akabaki anatafuta.

Jibu la mwaka 1960

Jibu lilitoka Ampeg. Mwaka 1960 kampuni hiyo ilitoa B-15, iliyobuniwa na Jess Oliver. Ilikuwa na wati 25 tu na spika moja ya inchi 15. Lakini sanduku lake lilifungwa mgongo na kupimwa ili lisaidie noti za chini, na amplifaya ilikaa juu ya sanduku hilo hilo. Kazi ikiisha, mwenye kupiga aligeuza kifuniko cha juu, amplifaya ikaingia ndani ya sanduku kichwa chini, akalisukuma kwa magurudumu hadi kwenye gari.

Jambo kubwa hapa ni kwamba mtu mmoja alifikiria vyote viwili kwa pamoja. Amplifaya za wakati ule zilitumia valvu, na valvu haziwezi kusukuma spika moja kwa moja. Kati yao kuna transfoma, na transfoma hiyo hutengenezwa kwa spika ya omu fulani. Ukitia spika ya omu nyingine, nguvu inapotea na vifaa vinaumia. Ukiwasha bila spika kabisa, hatari ni kubwa zaidi. Mwenye B-15 hakuhitaji kuyajua hayo, kwa sababu mume na mke walitoka kiwandani wakiwa wameoana.

B-15 ikawa rafiki wa studio na vilabu. James Jamerson, mpiga besi aliyebeba nyimbo nyingi za Motown huko Detroit, alijulikana kwa kuitumia. Tukumbuke ni wati 25. Kwa chumba cha watu wachache, na bendi inayosikilizana, zilitosha.

Viwanja vikaja

Kilicholifukia jibu hilo ni viwanja. Mwezi Agosti 1965 The Beatles walipiga Shea Stadium, New York, mbele ya watu zaidi ya 55,000, wakiwa na amplifaya za Vox za wati 100. Kelele za mashabiki ziliwameza. Wakati huo mitambo ya ukumbi ilikuwa kwa ajili ya waimbaji tu; vyombo vilijitegemea. Besi ilipaswa kuufikia umati kwa nguvu yake yenyewe.

Kwa hiyo mwaka 1969 Ampeg ilitoa SVT: wati 300, valvu 14, na masanduku mawili, kila moja likiwa na spika nane za inchi 10. Rolling Stones walisafiri nazo Marekani mwaka huo huo. Ulikuwa uhandisi hodari, na kwa kazi yake ulistahili. Lakini miaka iliyofuata mitambo ya ukumbi ilikua, ikaanza kupokea sauti ya besi na kuipeleka yenyewe hadi safu ya mwisho. Haja ya kabati lile jukwaani ikapungua. Picha yake haikupungua. Imebaki kwenye mabango na kwenye vichwa vyetu, na wenzetu wanapodai mtambo mkubwa, wanaidai picha ya 1969 iingie katika ukumbi wa kanisa.

Hesabu inaingia sandukuni

Katika miaka hiyo hiyo, mbali na majukwaa, watu wengine walikuwa wakipiga hesabu. Mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia aliandika jinsi ya kukadiria tabia ya spika ndani ya sanduku lenye tundu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 makala yake yalichapishwa upya Marekani, na Richard Small, aliyefanya utafiti wake Sydney, akaikamilisha kazi hiyo. Tangu hapo fundi hakulazimika tena kukata mbao kwa kubahatisha.

Hesabu hizo zilithibitisha jambo ambalo J. Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya KLH, alikuwa amelieleza. Sanduku la spika linaweza kuwa dogo, linaweza kushuka chini sana, na linaweza kutoa sauti kubwa kwa umeme kidogo. Lakini mambo matatu hayo hayapatikani pamoja. Chagua mawili, na la tatu utalilipia. Anayeuza sanduku dogo lenye noti nzito, kwa kawaida atakuomba wati nyingi za kulisukuma.

Na wati hazihesabiki kama tulivyodhani. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inaongezeka desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua bila kustaajabu. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, zinahitajika wati mara kumi hivi. Kwa hiyo mnunuzi aulize kwanza sanduku linatoa desibeli ngapi kwa wati moja, kwa umbali wa mita moja. Sanduku la desibeli 97 likipewa wati 100 linatoa sauti sawa na sanduku la desibeli 91 lililopewa wati 400. Mwenye sanduku la pili amenunua wati 300 za kufidia upungufu wa sanduku. Wingi si hoja.

Kosa letu

Sasa tueleze kilichotuunguzia amplifaya ya mzee. Amplifaya za transista, zilizoziba nafasi ya valvu katika kazi nyingi, hazina ile transfoma ya kati. Hazidai spika ya omu moja maalumu, ila zina kiwango cha chini kisichopaswa kuvukwa. Kanuni yake inatoka kwa Georg Ohm, Mjerumani aliyeitangaza mwaka 1827: upinzani ukipungua, umeme unaopita unaongezeka.

Nyuma ya amplifaya ile paliandikwa kwamba isishuke chini ya omu 4. Sisi tulikuwa na masanduku mawili, kila moja la omu 4. Tukaona matundu mawili ya waya, tukafikiri matundu mawili maana yake ni ruhusa ya masanduku mawili yoyote. Lakini masanduku mawili yakiunganishwa hivyo, upinzani haujumlishwi, unagawanyika. Mawili ya omu 8 yanakuwa omu 4. Mawili ya omu 4 yanakuwa omu 2. Tuliitaka amplifaya itoe umeme maradufu ya ilivyoumbwa kutoa, ikavumilia nyimbo mbili na nusu. Tulitaka sauti zaidi. Sanduku moja lingetutosha.

Tunachopendekeza

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Baada ya safari ya viwanjani, besi ya kumbi ndogo imerudi ilipokuwa 1960. Sumaku za neodimi, zilizovumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, zimeyapunguzia masanduku uzito. Amplifaya za daraja la D, ambazo hupoteza umeme kidogo tu kwa joto, zinatoa mamia ya wati kutoka kwenye kitu kisichofika kilo 3. Sanduku moja na kichwa kimoja vinaingia tena katika gari dogo, au hata kwenye basi.

Ila mtego wa ndoa umerudi pia, kwa kuwa sasa vitu hivi vinauzwa mbalimbali. Amplifaya iliyoandikwa wati 500 mara nyingi inazitoa kwa omu 4. Kwa sanduku la omu 8 itatoa karibu nusu, au zaidi kidogo. Hilo si dosari, mradi ujue.

Kwa hiyo tunapendekeza amplifaya inayokubali hadi omu 4, na sanduku moja la omu 8 lenye spika mbili za inchi 10, linaloweza kustahimili wati zote litakazopewa na lenye desibeli nzuri kwa wati moja. Likitosha, tutabaki nalo. Siku chama kikikua, tutaongeza la pili la omu 8 linalofanana nalo, jumla iwe omu 4, na amplifaya itakuwa salama. Waya wa kwenda kwenye sanduku uwe waya wa spika hasa. Waya wa gitaa ni mwembamba, haukuundwa kubeba umeme huo. Mkutano wa wanachama utaamua.

Jambo moja tumelifanya bila kusubiri kura. Tulikwenda kwa mzee na karatasi ya hesabu hizi, tukamwomba azikague. Alivaa miwani, akasoma kila mstari, akasahihisha mahali pawili, kisha akatuuliza siku ya kujaribu ni lini ili na yeye aje apige. Safari hii tumemuuliza kwanza.