Mateka na Bwana Wake

Haramia hawakuwa wa baharini peke yao. Kibaoni, katika nchi ya Mpimbwe kando ya bonde la Rukwa, ni mbali sana na pwani; walakini katika karne ya 19 nchi zilizo kati ya Tabora na Ziwa Tanganyika ziliwajua watu wa kazi ile ile. Hao walikuwa rugaruga, vijana wenye magobori waliopigana chini ya wakuu kama Mirambo na Nyungu ya Mawe, ambao wote wawili walifariki mwaka 1884. Walipovunja kijiji walichukua ng'ombe, pembe na watu. Baadhi ya wanawake waliuzwa kwa misafara. Wengine walibaki katika maboma ya waliowateka, wakapika, wakalima na kuzaa.

Masimulizi hupenda kuyageuza mambo hayo kuwa hadithi ya mapenzi: mtekaji mkali akalainika, mateka akasahau machozi, nyumba ikajaa watoto. Haikatazwi kuamini kwamba huruma iliweza kuota hata mahali pale. Lakini kukaa kwa mwanamke si ushahidi wa mapenzi. Aliyeolewa kwa mahari alikuwa na baba na ndugu wa kumdai alipoonewa. Mateka hakuwa na mtu. Kama angetoroka, njia nzima ilikuwa na watekaji wengine. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yake ilikuwa upweke. Kumpendeza bwana kulikuwa ndiyo ngao pekee aliyobakiwa nayo.

Hali hiyo ilifika hata katika majumba ya wafalme. Jilfidan, Mcherkesi, alikuwa mtoto mdogo wazazi wake walipouawa na wanyang'anyi, naye akatengwa na ndugu zake. Mwishowe aliingia katika nyumba ya Sayyid Said wa Unguja, akawa suria wake, na mwaka 1844 akamzaa Binti Salme. Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, alimweleza mama yake kwa mapenzi makubwa. Jilfidan aliheshimiwa, lakini heshima hiyo aliipata kwa bwana, wala hakupata kuchagua kati yake na nyumba ya wazazi wake.

Sheria ya Kiislamu ilimpa suria kinga fulani: mtoto wake alizaliwa huru, na mama mwenyewe hakuuzwa tena, akawa huru bwana alipokufa. Kinga hiyo haikuwa ndogo, lakini ilipitia tumboni mwake. Tena, amri ya Unguja ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa katika sheria, masuria waliachwa nje, wakahesabiwa kama wake. Wakangoja mpaka mwaka 1909. Bara, sheria ya kuufuta utumwa Tanganyika ilitoka mwaka 1922. Hivyo neno "mke" lilitumika kuficha neno "mtumwa".

Aliyelifunua fumbo hilo vizuri kuliko waamuzi ni Bwanikwa, Mluba kutoka magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambaye habari zake ziliandikwa na mmisionari Dugald Campbell. Jamaa zake walimtoa kulipia dai, kisha akapita mikononi mwa mabwana wengi, mpaka akawa mke wa Wafwilwa, mwanamume aliyemnunua. Ndoa ilikuwapo na makao yalikuwapo. Hata hivyo, mwanzoni mwa karne ya 20, Bwanikwa alikusanya mali kwa jasho lake akajikomboa kwa mume wake mwenyewe.

Kama ndoa ingekuwa uhuru, mke angelipa fidia ya nini? Malipo yale ni hukumu juu ya hadithi zote za mateka aliyempenda mtekaji wake. Mapenzi huweza kupimwa pale tu mlango ulipo wazi; kabla ya hapo, mwenye kusimulia hana haki ya kuyatangaza kwa niaba ya aliyefungiwa ndani.