Kutoka Uwanja wa Ngoma hadi Faili ya XML: Historia ya Mwongozo wa TEI na Matini za Kisukuma za Bujora

Ikisiri

Makala haya yanaeleza historia ya mwongozo wa kimataifa wa usimbaji wa matini za kitaaluma, unaojulikana kwa kifupi kama TEI, tangu mwaka 1987, na kuupima kwa nyimbo za Kisukuma zinazoimbwa Bujora. Hoja kuu ni kwamba thamani ya kiwango kilichohuishwa haimo katika wingi wa alama zake. Imo katika nafasi rasmi kinayompa mhariri ya kueleza aliyoyaamua juu ya matini, nafasi ambayo hadi sasa ni ya hiari.

1.0 Utangulizi

Bujora ipo Kisesa, wilayani Magu, si mbali na jiji la Mwanza kwa njia ya Musoma. Katika miaka ya 1950 Padre David Clement, Mmisionari wa Afrika kutoka Kanada, alianzisha hapo parokia na makumbusho ya Wasukuma. Makumbusho hayo huhifadhi ngoma na vifaa vya kitemi, na kila mwaka, katika majira ya Sikukuu ya Ekaristi Takatifu, huadhimishwa hapo Bulabo, tamasha ambalo Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Katika utamaduni wa mashindano hayo, kikundi kinachovuta umati mkubwa zaidi ndicho kinachohesabiwa kuwa mshindi.

Wimbo wa uwanja huo hupita mikono mingi kabla ya kumfikia msomaji wa chuo kikuu. Yupo ningi aliyeutunga, wapo wacheza waliouitikia, yupo aliyeurekodi, aliyeunukuu kwa herufi na aliyeutafsiri kwa Kiswahili. Kila mkono huongeza jambo na kupunguza jambo. Swali la makala haya ni iwapo usimbaji wa kidijitali unaihifadhi historia hiyo ya mikono au unaifuta.

2.0 Usanifishaji Kabla ya Kompyuta

Swali hilo si geni kwa wanazuoni wa Kiswahili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipendekeza Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki. Faida ya hatua hiyo katika elimu na uchapishaji ni dhahiri, lakini ilikuwa na gharama. Kimvita hutofautisha /t/ ya meno na /t/ ya ufizi. Tahajia sanifu huziandika zote kwa herufi moja. Msomaji wa utenzi wa Mombasa uliochapwa kwa tahajia hiyo hawezi kuirudisha tofauti hiyo kutokana na ukurasa peke yake.

Kwa Kisukuma gharama ni kubwa zaidi. Lugha hii ina irabu saba, urefu wa irabu na toni, mambo yaliyochambuliwa na Richardson (1959) na Batibo (1985). Anayeinukuu kwa irabu tano za Kiswahili huunganisha jozi mbili za irabu, na asipoonyesha toni hupoteza pia mpambanuo mwingine wa maana. Upotevu huo hauonekani, kwa kuwa maandishi yanayotokea husomeka vizuri na hayana dalili ya pengo.

Jirani na Mwanza, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alikamilisha riwaya yake ya Kikerewe mwaka 1945. Wasomaji wengi waliifahamu kwa tafsiri ya Kiswahili aliyoifanya mwenyewe, iliyochapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Matini iliyotangulia ilibaki nyuma ya matini iliyochapwa, na ukurasa uliochapwa hauna namna ya kuonyesha kila uamuzi uliofanyika kati ya hizo mbili.

3.0 Safari ya TEI

Mwezi Novemba 1987 wataalamu wa isimu, fasihi na kompyuta walikutana katika Chuo cha Vassar, Poughkeepsie, Marekani. Tatizo lao lilikuwa kwamba kila mradi ulikuwa na namna yake ya kuweka alama kwenye matini, hata faili ya chuo kimoja haikusomeka katika chuo kingine. Rasimu ya kwanza, P1, ilitolewa mwaka 1990, na toleo kamili la P3 lilitoka mwaka 1994 chini ya uhariri wa Michael Sperberg-McQueen na Lou Burnard. Matoleo hayo yalitumia lugha ya alama ya SGML. Mwaka 2002 P4 iliuhamishia mwongozo katika XML, na tarehe 1 Novemba 2007 ilitangazwa P5, ambayo ndiyo inayotumika hadi sasa na kuhuishwa, kwa kawaida, mara mbili kwa mwaka.

Tangazo la kila toleo husomeka kama taarifa ya mafundi: elementi imeongezwa, sifa imeondolewa, kosa limerekebishwa. Hata hivyo, baadhi ya mabadiliko hayo yanagusa moja kwa moja lugha zetu. P5 iliachana na utaratibu wa zamani wa kueleza mifumo ya maandishi, ikajenga juu ya Unicode, na ikaweka sura mahususi ya kueleza herufi zisizomo humo. Vilevile ilirasimisha njia ambayo kila mradi unaweza kupunguza au kupanua mwongozo kwa mahitaji yake na kuandika maelezo ya marekebisho hayo. Mwaka 2020 toleo la 4.0.0 liliingiza elementi ya standOff, inayoruhusu uchanganuzi kuwekwa kando ya matini badala ya kupachikwa ndani yake.

4.0 Mwongozo Mbele ya Wimbo wa Bujora

Jaribio la kwanza ni la herufi. Mnukuzi akiamua kuitofautisha irabu moja kwa kuweka kiwimbi juu ya i, Unicode inampa njia mbili: herufi moja iliyoungwa tayari (U+0129), au i ikifuatwa na kiwimbi kinachojitegemea (U+0303). Kwa macho hakuna tofauti, lakini programu ya utafutaji isiyosawazisha njia hizo itayahesabu maneno mawili. Akiongeza alama ya toni juu ya kiwimbi, hakuna herufi moja iliyoungwa tayari ya kutumia. Mwongozo hauwezi kumchagulia mnukuzi. Unaweza kumpa mahali pa kutangaza alichochagua.

Jaribio la pili ni la umbo. TEI ina sura ya ushairi, ya matini za maonyesho na ya mazungumzo yaliyonukuliwa. Anayeusimba wimbo kama ushairi hupata beti na mishororo. Kama onyesho, hupata wahusika. Kama mazungumzo, hupata zamu na muda. Ningi anapokuwa hajamaliza mshororo na waitikiaji wameshaingia, muundo wa XML hukwama, kwa sababu hudai kila kipande kikae kizima ndani ya kingine. Mwongozo una mbinu kadhaa za kukabili upishano huo, na standOff imeipa mojawapo, ile ya kutenga uchanganuzi na matini, makao rasmi. Hata hivyo, kumpa ningi mshororo wake kwanza na waitikiaji baadaye, kana kwamba walisubiri, ni tafsiri ya kinadharia inayopaswa kutetewa.

Jaribio la tatu ni la haki. Baadhi ya nyimbo hubeba elimu ya vyama, kama ile ya dawa za nyoka ya Bayeye, ambayo haikukusudiwa kila sikio. Kichwa cha faili ya TEI kina elementi ya kueleza masharti ya upatikanaji. Ikiachwa tupu, ukimya wake utachukuliwa kuwa ruhusa.

5.0 Hitimisho

TEI inadai kila faili itaje chanzo chake. Haidai itaje kanuni za uhariri. Sehemu ya kueleza tahajia, usawazishaji na yaliyoachwa ni ya hiari, na hapo ndipo makosa ya tahajia za awali yanaweza kurudiwa kwa mashine bora zaidi. Pengo hilo linaweza kuzibwa bila kusubiri toleo lijalo. Idara za Kiswahili na za lugha za Kiafrika zinaweza kulifanya tamko la uhariri kuwa sharti kwa kila matini ya fasihi simulizi inayoambatishwa na tasnifu, likieleza irabu ngapi zimeandikwa, toni imefanywa nini, sauti zimepangwaje na nani ameridhia. Mtafiti atakayeifungua faili hiyo miaka 50 ijayo, pengine baada ya XML yenyewe kuachwa, atahitaji tamko hilo kuliko alama nyingine yoyote iliyomo.