Xevious: Gemu Iliyowafundisha Marubani Kutazama Chini

Sarafu ikishatumbukia, ndege ndogo ya kijivu inatokea upande wa chini wa skrini, ikiwa juu ya msitu. Ardhi inateremka taratibu chini yake: miti, kisha majani mabichi, kisha barabara ya mchanga, kisha mto. Vipete vya chuma vinakuja vikizunguka hewani, vinaikaribia ndege, halafu vinageuka ghafla na kukimbia. Mchezaji mgeni huzitumia sekunde hizi za kwanza kushangaa tu. Ndipo kuba moja dogo kule chini linapofunuka na kutema risasi, naye anagundua kwamba adui yuko ardhini pia.

Hiyo ndiyo Xevious, gemu ya kampuni ya Namco ya Japani. Ilifanyiwa majaribio Desemba 1982, na mwanzoni mwa 1983 ikasambazwa katika kumbi za michezo nchini humo. Gemu za kurusha risasi zilikuwapo kabla yake. Space Invaders ya Taito ilitoka 1978, na Namco wenyewe walikuwa na Galaxian ya 1979 na Galaga ya 1981. Lakini katika gemu zile tatu mpiganaji husogea kulia na kushoto tu, akiwa chini ya anga jeusi. Adui akishakufa, hakibaki cha kutazama isipokuwa giza.

Namco haikuwa kampuni ya kukaa kimya. Mwanzilishi wake, Masaya Nakamura, alianza biashara mwaka 1955 na farasi wawili wa kubembea aliowaweka juu ya paa la duka kubwa mjini Yokohama, watoto wakilipia kuwapanda. Robo karne baadaye kampuni hiyohiyo iliipa dunia Pac-Man. Mwaka 1981 Konami walitoa Scramble, ambamo ndege husafiri kuelekea kulia juu ya milima, ikipiga mbele na kuangusha mabomu chini. Ilipendwa sana, na wakuu wa Namco wakataka gemu ya kushindana nayo.

Kazi hiyo ilimwangukia kijana aliyekuwa ameajiriwa mwaka huohuo wa 1981, Masanobu Endo. Wazo la awali lilikuwa gemu ya helikopta katika vita vya Vietnam. Endo aliliacha, akaitunga dunia yake mwenyewe. Aliandika kisa kizima cha watu wa kale walioishi duniani, wakahama, na sasa wamerudi kuidai ardhi yao. Adui karibu wote aliwapa majina ya lugha aliyoibuni mwenyewe. Mchezaji haoni hata sentensi moja ya kisa hicho kwenye skrini, ila anakihisi. Akiwa juu ya jangwa, mara unatokea mchoro mkubwa wa ndege uliochorwa mchangani, ulioigwa kutoka michoro ya Nazca kule Peru. Hakuna maelezo. Mchoro unapita, na mchezaji anabaki akijiuliza nani aliuchora.

Jinsi inavyochezwa, ndege hiyo, iitwayo Solvalou, husogea pande zote, na mchezaji ana vitufe viwili. Kimoja hufyatua risasi zinazokwenda mbele kwa ajili ya adui wa angani. Cha pili huangusha bomu kwa ajili ya walio ardhini. Bomu haliangukii popote. Mbele ya ndege, kwa umbali usiobadilika, kuna alama ya shabaha inayotangulia kama fimbo ya mtu anayepapasa njia, na bomu hutua pale alama ilipokuwa wakati kitufe kilipobonyezwa. Tena ni bomu moja tu kwa wakati, na mpaka litue huna jingine.

Waswahili husema mshika mbili moja humponyoka, na Xevious inakulazimisha ushike mbili. Jicho moja liko kwenye alama ya shabaha, likitafuta kuba la Logram au kifaru cha Grobda, ambacho huwa na tabia ya kukwepa. Jicho la pili linachunga anga, kwa sababu vipete vya Toroid vimeshafika. Ukizama sana ardhini, utagongwa kutoka juu, na ukiinua kichwa, mizinga ya chini inakumaliza. Nimecheza gemu nyingi za ndege zilizokuja baadaye, zenye moto na kelele kuliko hii, na bado sijaona nyingine iliyogawa macho ya mtu kwa namna nyepesi na kali kama hiyo.

Kingine cha kustaajabisha ni kwamba mashine inamsoma mchezaji. Ukicheza vizuri, makundi ya adui wa angani yanabadilika na kuwa makali zaidi. Ukivunja mitambo ya rada iitwayo Zolbak, ukali huo unapungua. Kwa hiyo kulipua jengo lisilokurushia hata risasi moja kunaweza kukuokoa dakika moja mbele. Na ukifa ukiwa umevuka asilimia 70 ya eneo, hurudishwi nyuma. Unaanzia eneo linalofuata.

Maeneo yako 16, na kila moja huanza kwa msitu. Yote yamekatwa kutoka ramani moja kubwa, kama vipande virefu vya kitambaa kimoja. Mchezaji makini akaanza kuhisi kwamba mto anaouvuka sasa ni uleule aliouona pembeni muda mfupi uliopita. Nchi ile ilikuwa na umbo hata pale ambapo skrini haikuonyesha.

Ilikuwa na siri pia. Mahali ambapo macho yanaona majani matupu, alama ya shabaha inabadilika ghafla, kana kwamba ina adui chini yake. Angusha bomu, na mnara uliofukiwa unachomoza ardhini. Angusha la pili, unalipuka. Kwingine kumefichwa bendera inayompa mchezaji ndege ya ziada. Siri hizi ndizo zilizowakusanya vijana wa Japani kwenye mashine, wakichora ramani, wakipeana habari, wakibishana. Uvumi uliovuma kuliko wote ulihusu Bacura, mabamba yanayopindukapinduka yakishuka angani bila kuvunjika. Ilisemekana kwamba ukilipiga bamba moja risasi 256 litavunjika. Watu walijaribu kwa bidii, lakini bamba huwa limeshapita kabla hesabu haijafika mbali.

Halafu inakuja Andor Genesis, ngome ya pembe nane inayoelea, pana kiasi cha kuifunika sehemu kubwa ya njia. Ni miongoni mwa mabosi wa kwanza katika gemu za aina hii. Huhitaji kuivunja yote. Lenga bomu kwenye kiini chake tu, na ngome inaacha kupiga na kuondoka zake.

Nchini Japani gemu hii ilipokewa kwa shangwe. Muziki wake, uliotungwa na Yuriko Keino, ni mfupi sana na hurudiwa bila kukoma, lakini mwaka 1984 mwanamuziki Haruomi Hosono aliuingiza katika albamu ya muziki wa gemu za Namco, wakati ambapo wengi hawakuziona sauti hizo kuwa muziki. Mwaka huohuo Xevious ilihamia kwenye mashine ya nyumbani ya Famicom na kununuliwa kwa wingi. Marekani ilisambazwa na Atari, ila haikupata mapenzi yaleyale.

Huku kwetu ilifika kwa njia ya uchochoroni. Mashine za bei nafuu zilizonakili Famicom zilipoenea mijini miaka ya 1990, zilikuja na kaseti zilizorundikwa gemu nyingi, na Xevious ilikuwamo katika baadhi yake. Mimi niliijulia huko, bila kujua jina lake wala kwamba kuna mtu anayeitwa Endo. Nilijua tu kwamba kati ya gemu zote za kaseti ile, hii ndiyo iliyokuwa na barabara na mito.

Endo alificha kitu kimoja zaidi, tena pale mwanzo kabisa. Mchezo unapoanza, peleka ndege upande wa kulia huku ukiangusha mabomu mfululizo, na maandishi yanatokea kwenye skrini yakimtaja aliyeiandika programu kwa jina la bandia. Anayetaka mwisho wa mchezo hatafika. Akimaliza eneo la 16, msitu unapita chini yake kama kawaida, na anapotoka upande wa pili anajikuta tena juu ya eneo la 7.